Mgeni rasmi amechelewa, wazee wanazimia: tupangeje sherehe kwenye makazi ya wazee?

SWALI: Mimi ni mlezi kwenye makazi ya wazee, Tanzania Bara. Tuna wazee 26, wengi hawana ndugu wa kuwatembelea. Mwaka jana tuliadhimisha Siku ya Wazee kwa turubai, spika na mgeni rasmi. Mgeni alichelewa kwa saa tatu. Bibi mmoja mwenye kisukari alizimia. Mzee mwingine alianguka alipoinuliwa acheze. Usiku watu kadhaa waliharisha. Wazee sita hawakutoka vyumbani siku nzima. Mwaka huu wakubwa wangu wanataka sherehe tena. Nifanye nini iwe ya furaha kweli, na furaha isiishe siku hiyohiyo? Dada mlezi.

JIBU: Dada, pole na kazi, na pole kwa siku ile. Umeyataja mambo manne kama mikosi minne, lakini ninachokiona ni kosa moja lililojitokeza mara nne. Ratiba ilimfuata mgeni, wakati mwili wa mzee una ratiba yake ambayo hakuna mwenye cheo anayeweza kuisogeza.

Tuanze na bibi aliyezimia. Baadhi ya wazee wenye kisukari hapa kwetu wanatumia glibenklamaidi au insulini, na dawa hizi hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na figo za mzee zikichoka hukaa zaidi. Sasa fikiria: bibi amemeza kidonge saa moja asubuhi, amekunywa chai kavu kwa kuwa “leo kuna pilau”, kisha pilau iliyotakiwa saa tano ikaja saa nane. Sukari inashuka taratibu huku amekaa kwenye kiti, na kila anayepita anadhani anasinzia. Kwa kijana dalili ni kutetemeka na njaa kali. Kwa mzee mara nyingi utaona tu anachanganyikiwa, anakasirika bila sababu, anajibu polepole au analowa jasho. Anayetumia dawa za presha za jamii ya propranololi au atenololi huenda asitetemeke kabisa, kwa hiyo mguse shingo na paji la uso: jasho halifichiki.

Mpimeni hapohapo. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), na anaweza kumeza, mpeni sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji. Subirini dakika 15, mpimeni tena, na kama haijapanda mrudie. Ikipanda ale chakula halisi, kwa sababu sukari ya glasi huisha upesi. Kama hamna kipimo karibu na mna shaka, mpeni sukari kwanza. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni hata kidogo. Mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Na hata akizinduka, kama anatumia glibenklamaidi lazima aonwe na tabibu siku ileile, maana sukari inaweza kushuka tena usiku watu wakiwa wamelala.

Aliyeanguka naye ana maelezo yake. Mzee akikaa saa tatu bila kusogea, damu hutuama miguuni. Ukiongeza dawa ya presha, jua chini ya turubai, na maji aliyokataa kunywa kwa kuogopa kuomba kupelekwa chooni mbele za watu, basi akivutwa mikono kwa ghafla, damu haifiki kichwani kwa wakati. Macho yanaingia giza, anakwenda chini. Kumwinua mzee kuna utaratibu: azungushe vifundo vya miguu mara kumi akiwa amekaa, asogee ukingoni mwa kiti, asimame kwa kushika mikono ya kiti, atulie akihesabu hadi ishirini, ndipo apige hatua. Usimvute kwa mikono wala kwapani. Tena wacheze kabla ya kula: baada ya mlo mkubwa damu nyingi huenda tumboni, na presha ya mzee inaweza kushuka kwa saa moja au mbili. Anayetaka kucheza akiwa amekaa, acheze kwa mabega na mikono.

Kuharisha, kwa maelezo yako, nako kulianzia kwenye kusubiri. Pilau iliyopikwa alfajiri ikakaa kwenye sufuria hadi alasiri ni hatari, kwa sababu mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikishakuwa vuguvugu, vinaamka na kutoa sumu, na kupasha moto upya hakuiondoi. Pilau ikae juu ya makaa ikitoa mvuke hadi inapakuliwa. Iliyobaki igawiwe palepale au ipozwe kwenye sinia pana. Isilale kwenye sufuria.

Kwa hiyo mwaka huu anza na saa. Tabibu wenu akikubali, dawa ya kukojosha kama furosemidi itolewe saa 12 asubuhi. Nguvu yake kubwa huwa kwenye saa mbili za mwanzo, kwa hiyo ikifika saa tatu mzee amepumua. Saa moja watu wapate kifungua kinywa kamili, uji mzito au chai na kiazi na yai, bila kupunguza chochote kwa ajili ya pilau. Saa tatu waanze kusindikizwa mmojammoja. Saa 3:30 sherehe ianze. Saa 4:30 maji na papai. Saa 5:15 chakula. Saa saba kila mtu awe amejinyoosha kitandani. Msiivute hadi jioni: wazee wenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi huanza kuhangaika jua linapoelekea kuzama, na kelele zilizowafurahisha asubuhi huwatia hofu saa kumi na moja.

Na mgeni rasmi? Barua ya mwaliko iandikwe hivi: “Chakula cha wazee kitapakuliwa saa 5:15 asubuhi kwa maelekezo ya kitabibu.” Maneno hayo matatu ya mwisho yatamwokoa mkuu wako asionekane amemkosea mkubwa, na yatakupa wewe ujasiri wa kuchukua upawa. Akichelewa atakuta watu wanakula, atakaribishwa ale. Jambo jingine: 1 Oktoba ndiyo Siku ya Wazee Duniani tangu Umoja wa Mataifa ulipoitangaza mwaka 1990, na siku hiyo viongozi wengi wako kwenye maadhimisho ya wilaya na mkoa. Makazi yenu hayalazimiki kushindana nayo. Fanyeni yenu Jumamosi inayofuata, mtapata wageni wenye nafasi.

Mahali pa kukaa, ukiweza achana na turubai la plastiki. Huhifadhi joto kama chungu kilichofunikwa. Kivuli cha mwembe au baraza pana ni bora mara kumi. Wazee wakae jua likiwa mgongoni, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho akitazama mwanga haoni uso wa mtu, anaona ukungu mweupe tu. Viti viwe na mikono, urefu wa kalio karibu sentimita 45, nyayo zikanyage chini vizuri. Viti vya plastiki visivyo na mikono miguu yake hutanuka kwenye sakafu laini na huzama kwenye mchanga. Kama ndivyo pekee mlivyonavyo, viegemezeni ukutani na tandikeni ubao chini. Choo kiwe ndani ya hatua thelathini, njia isiwe na waya wa spika wala kamba ya hema. Chagua walezi wawili wasio na kazi nyingine siku hiyo zaidi ya choo, wapite kila dakika 40 wakiuliza sikioni, kwa heshima. Bibi akijua atapelekwa bila kutangazwa, atakunywa maji.

Kuhusu spika, kipimo ni rahisi. Simama mita moja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti ili akusikie, muziki umezidi. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, ndizo zinazotofautisha “saa” na “faa”. Kuongeza sauti huongeza mngurumo tu, maneno hayasikiki zaidi. Mshereheshaji aongee polepole, uso uonekane, na muziki uzimwe kabisa mtu anapozungumza.

Chakula. Kwa wazee 26, walezi 10 na wageni 15, mchele kilo 6 unatosha: gramu 90 kwa mzee, gramu 150 kwa wengine. Nyama kilo 4.5, na kilo mbili kati ya hizo ziwe steki isiyo na mfupa, ikatwe vipande vya sentimita moja na nusu na ichemshwe hadi ivunjike kwa kijiko. Chumvi kwa sufuria yote isizidi gramu 100, yaani vijiko vitano na nusu vya chakula vilivyosawazishwa. Ladha itoke kwenye bizari nzima, hiliki, mdalasini, kitunguu saumu na ndimu. Papai tatu kubwa zinatosha wazee wote. Soda moja ya kawaida ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, zaidi ya vijiko saba vya chai, kwa hiyo iwekeni pembeni kwa wageni, wazee wanywe maji ya ukwaju yenye sukari kidogo. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi, mwenye figo mbovu asipewe bila tabibu kusema. Nyama ichinjwe na Mwislamu ili sufuria iwe moja na hakuna atakayeulizwa dini yake akiwa ameshika sahani.

Aliyewahi kupata kiharusi mpe uangalifu wa pekee. Wali mkavu hutawanyika kooni na kumpalia; wake ulowekwe rojo. Akae wima kabisa, kijiko kisiwe kimejaa, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa akinywa maji, au sauti yake ikawa kama ina maji ndani, acheni na mwambieni muuguzi. Karanga na kashata ngumu zisimfikie.

Hayo yote ni ya usalama. Sasa hao sita waliojifungia, kwa sababu ndio wamebeba swali lako.

Usidhani wote wana sababu moja. Mmoja ana nguo moja nzuri na iko kwenye maji. Mwingine mkojo unampita na anaogopa kunukia watu. Wa tatu hasikii, kwake mkusanyiko ni midomo inayochezacheza. Wa nne alimzika mkewe au mwanawe mwezi kama huo. Wa tano ni mtu wa upweke tangu ujana, na ana haki. Wa sita huenda ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Nenda wiki mbili kabla, chumba kwa chumba, keti chini ya usawa wa macho yake, uulize: “Babu, sherehe ya mwaka jana ilikukera nini?” Swali hilo hupata majibu ambayo “utakuja?” haliyapati. Kwa anayekataa, achia hapo. Siku yenyewe mpelekee sahani yake, na mzee mwenzake akae naye dakika kumi. Lakini mzee ambaye kwa wiki mbili amekosa hamu ya chakula, halali vizuri, hapendi tena alichokipenda, au nguo zinamlegea, huyo ni wa tabibu. Sonona kwa mzee mara nyingi haina machozi. Huja kama maumivu ya mwili na maneno “nimechoka tu”.

Kuna sababu ya saba, nayo mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote: sherehe haikuwa yao. Wenyeji wa makazi yetu mengi ni watu waliotoka mbali. Wapo waliokuja kama manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kutoka Msumbiji, Burundi, Njombe, Kigoma, wakafanya kazi hadi nguvu zikaisha na njia ya kurudi ikafutika. Mzee wa Kimakonde ukimpigia muziki wa harusi wa siku hizi, amekaa ugenini. Mpigie ngoma ya sindimba, utaona kidole kinaanza kugonga mkono wa kiti kabla uso haujabadilika.

Kwa hiyo kila mzee awe na karatasi moja, ya mkono, kwenye jalada lake. Alizaliwa wapi. Lugha ya mama yake. Kazi aliyoifanya akiwa na nguvu. Ngoma ya kwao. Chakula cha kwao cha sikukuu. Dini. Jina analopenda kuitwa. Siku zinazomuuma. Wimbo. Ulizeni taratibu, swali moja kwa siku wakati wa kumkata kucha au kumpaka mafuta, siyo kama usajili wa kura. Lugha ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ugonjwa wa kusahau ukizidi, mara nyingi lugha iliyojifunzwa ukubwani hutoka kwanza. Bibi aliyeongea Kiswahili miaka hamsini anaweza kurudi kwenye Kirundi au Kihehe cha utotoni, na walezi wakaandika “haongei vizuri”. Tafuta mtu mmoja mjini, fundi au mchungaji au muuza sokoni, anayejua lugha hiyo, aje nusu saa kwa wiki. Hakuna zawadi inayoizidi.

Muziki nao una hesabu. Nyimbo zinazokaa zaidi moyoni ni za umri wa kati ya miaka 15 na 25. Aliyezaliwa 1945 alikuwa kijana kati ya 1960 na 1970: hizo ni zama za bendi za dansi kama NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Atomic Jazz ya Tanga. Kwa wa mwambao na visiwani ongeza taarabu ya zamani ya vinanda na udi, ya vikundi kama Ikhwan Safaa iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905. Nyimbo sita zilizochaguliwa na wazee wenyewe, zikipigwa kwa sauti ya sebuleni, zinatosha.

Halafu wape kazi. Hapa nataka ulione jambo moja kwa karibu: ungo wa mchele. Siku moja kabla, tandika kwenye kila ungo kitambaa cheusi au cha bluu iliyokolea, maana chuya na changarawe kwenye mchele mweupe juu ya ungo wa rangi ya majani makavu hazionekani kwa macho yaliyofifia. Kila bibi apate nusu kilo tu, ungo ukae juu ya mto mapajani ili mabega yasichoke. Usifundishe. Weka tu ungo na ukae kando yake na wako. Vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi vitasita, kisha vitaanza kutawanya punje kuelekea ukingoni, kidole gumba kikisukuma chuya pembeni, na mkono wa kushoto utainua ungo kidogo kwa pembe ileile ya miaka sitini iliyopita. Bibi asiyekumbuka jina lako anaweza kukukaripia kwa kuchambua ovyo. Mwache akukaripie. Mchele huo upikwe kweli, na kesho yake utangazwe kwa majina: mchele wa leo wamechambua bibi fulani na bibi fulani. Ukimwaga mchele ule kisirisiri na kupika mwingine, umewadanganya, na wapishi wataropoka.

Kazi nyingine zipo tele. Mzee mmoja aonje chumvi kabla ya kupakua, na neno lake liwe la mwisho, ila kile kipimo cha gramu 100 kisivukwe. Wawili walinde saa. Wa mwambao wasuke ukili wa kufungia zawadi au watunge vikuba vya asumini, hata akiwa amelala kitandani anaweza kuchagua maua. Mwenye sauti aanze dua. Mwenye mdomo mkali apewe utani. Waulize Wazaramo na Wanyamwezi wenu kama wanataniana bado. Dakika kumi za watani kumalizana mbele ya wageni huamsha mkusanyiko kuliko mshereheshaji wa kulipwa. Kamati iwe ya wazee watano, wanawake wasipungue wawili, na iwe na uwezo wa kukataa jambo. Ikikataa turubai, turubai lisiwepo.

Wageni wafundishwe getini. “Shikamooni” moja ya kipaza sauti haimfikii mtu. Mgeni apite kwa kila mzee, ainame, ashike mkono, aseme shikamoo, asubiri marahaba. Wazee 26 ni nusu saa, na nusu saa hiyo ichukue nafasi ya hotuba. Ikiwa miongoni mwao wapo waliougua ukoma, waelezeni wageni mapema kwamba aliyetibiwa haambukizi, kwa sababu mkono unaorudishwa nyuma mbele ya kigutu cha kidole kilichokatika huumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Baadhi ya wazee hao hawahisi moto mikononi: wape kikombe chenye mpini, chai isizidi uvuguvugu, na kila jioni mkague viganja na nyayo zao kama zina malengelenge.

Zawadi zisipokelewe kwa foleni ya kamera. Picha ni kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, aliyoitoa kabla ya mgeni kufika. Asiyeweza kuelewa anachokubali asipigwe picha. Na wanaouliza walete nini wapeni orodha, vinginevyo mtapata biskuti na soda kila mwezi. Andikeni: miwani ya kusomea ya +2 hadi +3, mipira ya ncha za fimbo, viatu vyenye mkanda wa kisigino badala ya ndala, nepi za watu wazima, taulo, betri za redio, vikata kucha vikubwa.

Kuhusu Ramadhani na Idi, neno fupi. Wazee wenye insulini au glibenklamaidi watataka kufunga, na ukiwazuia wewe watafunga kwa siri. Mwiteni sheikh mwezi wa Shaabani aje na tabibu, waongee pamoja juu ya ruhusa ya mgonjwa na fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Mzee akitoa fidia yake mwenyewe, hata kwa kidogo alichopewa na mgeni, anakuwa ndani ya mwezi, haonekani ameachwa nje. Akae kwenye futari na wenzake. Idi na Krismasi kila upande uwe mwenyeji wa mwenzake: Waislamu wawakaribishe Wakristo, na Wakristo nao vivyo hivyo.

Na akifa mtu wiki ya sherehe? Msifiche. Wazee wameona kitanda kimetandikwa upya. Ahirisheni ngoma hadi siku tatu zipite, na mkianza, jina lake litajwe kwanza na kiti chake kikae na kanga au kofia yake. Mazishini watani wake wafanye kazi yao. Kwa asiye na ndugu, hao ndio ukoo.

Ukiniuliza furaha isiishe siku hiyohiyo, jibu liko kwenye siku za kawaida. Baraza kila asubuhi saa nne, kahawa au chai ya tangawizi, habari za redio zikijadiliwa. Kahawa isiwe ya jioni, inawanyima usingizi. Bao la mashimo 32 na kete 64, kete ziwe komwe kubwa na bao liwe mezani, lisiwe chini. Mwenye mkono mmoja dhaifu mpinzani amsaidie kusambaza kete. Mchicha kwenye viroba vilivyoinuliwa kufikia kiunoni, mzee asiiname. Ndani ya wiki tatu hadi nne unachumwa, na kuchuma huwavuta hata waliojifungia. Mazoezi siku tatu kwa wiki: kuinuka kitini na kukaa mara tano, kuinua visigino huku ukishika meza, kuzungusha mabega. Wapimeni uzito kila mwezi, siku ileile, nguo nyepesi. Aliyepungua kilo tatu bila kutaka ana jambo, na mara nyingi hajalisema.

Siku ya pili baada ya sherehe pita tena na daftari. Nani ameharisha, nani amevimba miguu, nani hakulala. Wenye kisukari wapimwe asubuhi kabla ya dawa. Kisha kamati ikae, kila mmoja aseme kimoja cha kurudia na kimoja cha kuacha, uandike kwa maneno yao na uibandike jikoni, mahali mpishi atakapoisoma mwakani.